Wati 15 Zimetoka Wapi? Namna ya Kupata Vipimo vya Kuaminika katika Baiskeli ya Kupimia

Chukulia mfano wa mwanamume wa miaka 58, fundi seremala, aliyepata shambulio la moyo na sasa anahudhuria mazoezi tiba. Katika wiki ya kwanza alipandishwa kwenye baiskeli ya kupimia, akaendesha huku mzigo ukiongezwa kidogo kidogo, na akaishia kwenye wati 103. Baada ya wiki 12 alipimwa tena, akafika wati 118. Familia yake ilifurahi, naye akauliza kama sasa anaweza kurudi karakanani na kubeba mbao kama zamani. Daktari aliyatazama majibu hayo mawili, na kabla ya kumjibu akataka kwanza kujua jambo moja: je, wati hizo 15 zimetoka kwenye moyo na misuli ya mgonjwa, au zimetoka kwenye mashine?

Swali hilo linamhusu kila anayetumia baiskeli ya ndani kupima uwezo wa mwili. Linamhusu mgonjwa wa moyo, mtu mwenye kisukari aliyeshauriwa kufanya mazoezi, mgonjwa anayeandaliwa kwa upasuaji mkubwa, mwanariadha na mwalimu wake, na hata mtu anayekwenda kwenye ukumbi wa mazoezi mara mbili kwa wiki. Tarakimu iliyo kwenye skrini huonekana kama neno la mwisho. Ukweli ni kwamba tarakimu hiyo ni jumla ya mambo mengi: hali ya mashine, hali ya mwili siku hiyo, joto la chumba, na namna jaribio lilivyoendeshwa. Asiyeyadhibiti mambo hayo anaweza kumpongeza mtu ambaye hajabadilika, au kumkatisha tamaa aliyepata nafuu ya kweli.

Wati hupatikanaje

Wati ni kizio cha kupima kasi ya kufanya kazi, na kimepewa jina la mhandisi wa Uskoti, James Watt. Mtu anapoendesha baiskeli ya kupimia, hushinda kani fulani ya kuzuia katika umbali fulani kila sekunde. Kani hiyo ikizidishwa kwa umbali huo, jibu ndilo nguvu anayoitoa, kwa wati. Kwa hiyo kila mashine ya aina hii, iwe ya bei ndogo au kubwa, inahitaji kujua mambo mawili tu: kani na mwendo. Kosa katika lolote kati ya hayo huingia moja kwa moja katika jibu.

Juhudi za kuyapima mambo hayo mawili kwa uhakika zina historia ndefu. Mwaka 1913 mwanafiziolojia wa Denmark, August Krogh, ambaye baadaye alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1920, alieleza baiskeli ambayo gurudumu lake lilizuiwa kwa sumaku-umeme. Mwaka 1954 mtafiti wa Sweden, von Döbeln, alieleza baiskeli rahisi zaidi. Gurudumu zito limezungushiwa mkanda. Mkanda ukikazwa, msuguano huongezeka, na mizani yenye timazi huonesha ukubwa wa kani hiyo. Baiskeli za mkanda zilizotokana na wazo hilo zingali zikitumika katika maabara na vyumba vya mazoezi tiba. Mwaka 1986 mhandisi wa Ujerumani, Ulrich Schoberer, alianzisha kampuni ya SRM akiwa na kifaa kinachofungwa kwenye mkono wa pedali. Ndani yake mna vihisi vidogo vinavyotambua jinsi chuma kinavyopinda kwa kiasi kisichoonekana kwa macho pale mguu unaposukuma.

Hesabu ya baiskeli ya mkanda inaweza kufanywa na yeyote mwenye karatasi na kalamu. Katika muundo uliozoeleka wa Monark, ukingo wa gurudumu zito husafiri mita 6 kwa kila mzunguko mmoja wa pedali. Mtu akizungusha pedali mara 60 kwa dakika, yaani mara 1 kwa sekunde, ukingo huo husafiri mita 6 kila sekunde. Mizani ikionesha kilo 2, kani ni sawa na uzito wa kilo 2, ambao ni takriban nyutoni 19.6. Nyutoni 19.6 mara mita 6 kwa sekunde ni takriban wati 118. Mizani ikionesha kilo 1.75, jibu ni takriban wati 103.

Msomaji makini ameshaona jambo: wati 103 na wati 118 ndiyo majibu mawili ya seremala. Tofauti yake yote ya wiki 12 ni sawa na robo kilo kwenye mizani ya mashine.

Mashine ihakikiwe kabla ya mtu

Mfanyabiashara sokoni hutakiwa kuwa na mizani iliyohakikiwa, na mnunuzi mwangalifu hutazama kama mshale uko kwenye sifuri kabla bidhaa haijawekwa. Baiskeli ya kupimia ni mizani pia, na inastahili uangalizi uleule.

Hatua ya kwanza ni sifuri. Katika baiskeli ya mkanda, mkanda ukiwa umelegezwa kabisa na hakuna mtu juu ya baiskeli, mshale unapaswa kusimama kwenye sifuri. Kwa kuwa mizani hiyo hutegemea timazi, sakafu iliyoinama huweza kuusogeza mshale. Baiskeli ikihamishwa kutoka chumba kimoja hadi kingine, sifuri yake huangaliwa upya. Katika vifaa vyenye vihisi, mabadiliko ya joto huathiri chuma na vihisi vyenyewe, hivyo kifaa hupewa muda wa kuzoea joto la chumba, kisha sifuri husawazishwa kabla ya kila jaribio.

Hatua ya pili ni uzito unaojulikana. Sifuri sahihi haithibitishi kwamba kilo 4 zitasomeka kilo 4. Kwa hiyo mara kwa mara uzito uliothibitishwa hutundikwa mahali palipoelekezwa na mtengenezaji, na usomaji hulinganishwa nao. Tarehe na jibu huandikwa katika daftari la mashine. Daftari hilo ni muhimu kama jalada la mgonjwa, kwa kuwa bila hilo hakuna anayeweza kujua kama jibu la Januari na jibu la Aprili yalitoka kwenye mizani yenye hali moja.

Hatua ya tatu ni kupasha mashine moto. Mkanda hupata joto unaposuguana na gurudumu, na joto hilo hubadilisha msuguano. Mzigo uliowekwa mwanzoni unaweza kusogea wakati mtu anaendelea kuendesha, hivyo mpimaji huutazama mshale katika jaribio zima na kuurekebisha. Hali hiyo huonekana pia katika mashine zinazotumia tairi la baiskeli ya kawaida lililobanwa kwenye silinda. Tairi likipata joto, mgandamizo na msuguano wake hubadilika, ndiyo maana usawazishaji wake hufanywa baada ya kuendesha kwa dakika kama 10, tena kwa upepo uleule wa tairi na mbano uleule.

Hatua ya nne ni mwendo. Katika baiskeli ya mkanda nguvu hupanda na kushuka pamoja na mizunguko. Mpimaji akiandika kwamba mtu alizungusha mara 60 kwa dakika ilhali alikuwa amechoka na kushuka hadi mara 52, mzigo wa kilo 2 utaandikwa wati 118 wakati kwa kweli ulikuwa wati 102. Mizunguko ipimwe, isikadiriwe kwa kutazama miguu. Baiskeli za sumaku-umeme nyingi zina tabia tofauti: mtu akipunguza mwendo, mashine huongeza kani ili wati zibaki zilezile. Hilo ni jema mwanzoni, lakini mwishoni mwa jaribio mtu aliyechoka hujikuta anazidi kukabwa na pedali. Kwa hiyo kikomo huamuliwa kabla ya kuanza, kwa mfano kwamba jaribio litasitishwa mizunguko ikishuka chini ya 50 kwa dakika na kushindwa kurudi.

Pia ni lazima kujua mashine inapima wapi. Kifaa kilicho kwenye pedali hupima nguvu kabla haijapita kwenye mnyororo; mkanda ulio kwenye gurudumu hupima baada ya sehemu ya nguvu hiyo kupotea kwa msuguano wa mnyororo na bearingi. Mtu yuleyule, siku ileile, atapata wati nyingi zaidi kwenye kifaa cha kwanza. Vifaa vingine hupima mguu wa kushoto pekee na kuzidisha mara 2. Kwa mtu ambaye mguu mmoja ni dhaifu, kama aliyewahi kuvunjika paja au kupata kiharusi, jibu hilo linaweza kupotoka sana. Nazo baiskeli nyingi za kumbi za mazoezi hazipimi kani hata kidogo. Hukisia wati kutokana na mahali ilipo sumaku na idadi ya mizunguko. Zinafaa kumpa mtu hamasa, lakini jibu lake lisiingizwe katika jalada la matibabu.

Mwili haufanani kila siku

Mashine ikishaaminika, hubaki mwenye mwili. Usingizi mchache, mazoezi mazito ya jana, homa inayonyemelea, chakula kizito saa moja iliyopita au tumbo tupu, yote hubadilisha jibu. Kafeini huweza kuongeza uwezo kwa asilimia chache, hivyo aliyekunywa kahawa kabla ya jaribio la pili pekee amejipa wati ambazo mazoezi hayakumpa. Saa ya siku nayo ina nafasi yake, na ni vyema majaribio mawili yafanyike saa zinazokaribiana. Aliyepimwa wakati wa kawaida asilinganishwe na jibu lake la mchana wa Ramadhani akiwa amefunga, bila hali hiyo kuandikwa.

Joto linastahili kuzingatiwa kwa namna ya pekee katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa. Katika kila sehemu 4 au 5 za nishati ambayo mwili huitumia wakati wa kuendesha, takriban sehemu 1 tu hufika kwenye pedali. Zinazobaki hugeuka joto. Mtu anayetoa wati 100 kwenye pedali huzalisha pia joto la wati 300 hadi 400 mwilini mwake. Barabarani, upepo wa mwendo humpunguzia joto hilo. Ndani ya chumba baiskeli haiendi popote, na hewa yenye unyevu mwingi hufanya jasho lidondoke sakafuni badala ya kukauka kwenye ngozi, ilhali ni kukauka kwake ndiko kunakoupoza mwili. Damu nyingi huelekezwa kwenye ngozi, mapigo ya moyo hupanda ingawa mzigo haujabadilika, na mtu huchoka mapema. Jaribio lililofanywa siku umeme umekatika na feni imezimika halilingani na lililofanywa chini ya kiyoyozi. Joto na unyevu wa chumba viandikwe, na feni iwe ileile, mahali palepale, kwa kasi ileile.

Mwinuko wa mahali huingia pia katika hesabu. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Nairobi zaidi ya mita 1,600. Huko kila pumzi hubeba oksijeni kidogo kuliko pwani, na kilele cha wati katika jaribio la dakika kadhaa hushuka. Mwanariadha aliyepimwa Nairobi kisha akapimwa Dar es Salaam anaweza kuonekana amepiga hatua kumbe ameshuka mlima tu.

Yapo pia mambo ya damu. Upungufu wa damu hupunguza oksijeni inayofika kwenye misuli, na aliyechangia damu karibuni anaweza kuonesha kilele cha chini kwa wiki kadhaa. Hapo kipimo hakijakosea. Kimesema kweli kuhusu mwili, lakini si kuhusu mazoezi. Ndiyo sababu mpimaji huuliza kabla ya kupima.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni kujifunza. Mtu anayepanda baiskeli hiyo kwa mara ya kwanza huwa na hofu, hajui kugawa nguvu zake, na pengine kiti kimewekwa chini mno. Mara ya pili ameshazoea, naye hupata jibu bora hata kama hajafanya zoezi lolote katikati. Dawa yake ni jaribio la mazoea ambalo jibu lake halihesabiwi. Urefu wa kiti na wa usukani huandikwa kwa sentimita na kurudiwa vilevile, na maneno ya kumtia moyo yawe yaleyale, kwa kuwa mtu anayeshangiliwa huenda mbali kuliko anayetazamwa kimya.

Kila jaribio lina jibu lake

Hakuna tarakimu moja inayoitwa nguvu za mtu. Jaribio la Wingate, lililobuniwa nchini Israeli katika miaka ya 1970, humtaka mtu aendeshe kwa nguvu zake zote kwa sekunde 30. Jaribio la dakika 20, linalopendwa na waendesha baiskeli, hutafuta wastani wa wati ambao mtu anaweza kuuhimili kwa muda huo, kisha huzidishwa kwa 0.95 kukadiria kiwango cha takriban saa moja. Jaribio la ngazi, linalotumika sana hospitalini, huongeza mzigo kidogo kidogo hadi mtu ashindwe, na kwa kawaida hupangwa ili likome ndani ya dakika 8 hadi 12. Hata katika jaribio la ngazi lenyewe, mzigo ukiongezwa haraka kilele cha wati huwa juu kuliko ukiongezwa polepole, kwa sababu mwili haujapewa muda wa kuchoka. Mgonjwa aliyepimwa kwa kuongezewa wati 10 kila dakika asilinganishwe na jibu lake la kuongezewa wati 20.

Kwa wasioruhusiwa kufika kikomo, yapo majaribio ya mzigo wa wastani. Mwaka 1954 Per-Olof Åstrand na Irma Ryhming wa Sweden walichapisha chati ya kukadiria kiwango cha juu cha matumizi ya oksijeni kwa kutazama mapigo ya moyo katika mzigo unaojulikana. Wazo lake ni kwamba kwa mzigo uleule, moyo wa mtu mwenye uwezo mkubwa hupiga polepole zaidi. Njia hiyo ni salama na rahisi, lakini ina mtego. Mgonjwa aliyeanzishiwa dawa za kupunguza kasi ya moyo, kama atenolol, bisoprolol au propranolol, atakuwa na mapigo machache kwa sababu ya kidonge, na chati itamtangaza kuwa imara kuliko alivyo. Vilevile, ile kanuni ya 220 toa umri hutoa wastani wa watu wengi. Mtu mmoja mmoja anaweza kuwa mapigo 10 au zaidi juu au chini yake.

Kosa la wati husafiri mbali. Kanuni ya Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani hukadiria matumizi ya oksijeni, kwa mililita kwa kila kilo ya mwili kwa dakika, kwa kuzidisha wati kwa 10.8, kugawanya kwa uzito wa mwili, kisha kujumlisha 7. Seremala akiwa na kilo 75, wati 103 humpa takriban 21.8, na wati 118 humpa takriban 24. Makadirio kama hayo ndiyo husaidia kuamua kazi ipi mtu anaweza kuirudia. Robo kilo kwenye mizani imeshafika mezani kwa daktari ikiwa imevaa sura ya oksijeni.

Tofauti ipi ni ya kweli

Hata mambo yote yakidhibitiwa, majaribio mawili ya mtu mmoja hayatalingana kabisa. Kila kituo kinapaswa kujua ukubwa wa tofauti hiyo ya kawaida katika mashine na mikono yake. Njia yake si ngumu: watu kama 15 au 20 ambao hawajabadilisha mazoezi wala dawa hupimwa mara mbili ndani ya wiki moja, na tofauti kati ya jibu la pili na la kwanza ya kila mmoja huandikwa. Wastani wa tofauti hizo ukiwa juu ya sifuri, ni ishara ya kujifunza. Mkengeuko sanifu wa tofauti hizo huonesha jinsi majibu yanavyotawanyika. Mkengeuko huo ukiwa, kwa mfano, wati 7, basi mabadiliko ya mtu mmoja yanapaswa kuzidi takriban mara 2 yake, yaani wati 14, ndipo mpimaji aseme kwa uhakika wa kutosha kwamba mtu huyo amebadilika. Chini ya hapo, jibu la uaminifu ni kwamba mabadiliko hayajathibitika.

Hesabu hiyo hukamata makosa ya bahati, yanayokwenda juu leo na chini kesho. Haikamati kosa la kudumu la mizani iliyoinama upande mmoja. Mizani inayozidisha kwa kiasi kilekile siku zote bado inaweza kuonesha mabadiliko kwa haki, ingawa tarakimu zake si sahihi. Hatari kubwa ni mizani iliyobadilika katikati ya majaribio mawili. Ndiyo maana uhakiki wa mashine na hesabu za takwimu huhitajiana.

Ugumu huongezeka majaribio yanapofanyika katika maabara tofauti. Chris Froome, mwendesha baiskeli aliyezaliwa Nairobi na kushinda mashindano ya Tour de France mara nne, alipimwa nchini Uswisi mwaka 2007 na tena London mwaka 2015. Kiwango alichoweza kukihimili kwa muda mrefu kilikaribia kulingana: wati 420 mara ya kwanza na 419 mara ya pili. Uzito wake, hata hivyo, ulikuwa umeshuka kutoka zaidi kidogo ya kilo 75 hadi karibu kilo 70, hivyo wati kwa kila kilo zilipanda kutoka takriban 5.6 hadi 6.0. Mfano huo unafundisha mambo mawili. Mizani ya kupimia uzito wa mwili inahitaji uangalifu sawa na baiskeli, maana kosa lake hugawanywa ndani ya jibu. Tena, vyumba viwili na mashine mbili kwa kupishana miaka 8 haviwezi kubeba hoja nzito juu ya tofauti ya wati chache.

Usalama hutangulia kipimo

Jaribio la kufika kikomo ni mzigo mkubwa kwa moyo. Mwenye maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio bila sababu, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, homa au maambukizi asipande baiskeli kabla ya kuonwa na daktari, na wagonjwa wa moyo hupimwa mahali penye wataalamu na vifaa vya dharura. Mwenye kisukari anayetumia insulini apime sukari kabla na baada. Mtu yeyote akihisi maumivu ya kifua, kizunguzungu, kichefuchefu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, husimama papo hapo. Mgonjwa asiache dawa zake kwa lengo la kupata jibu zuri. Azitumie kama alivyoelekezwa, na jina, kipimo na saa ya kumeza viandikwe pembeni ya wati.

Jibu la seremala

Katika mfano ulioanzisha makala haya, mtaalamu wa fiziotherapia alilegeza mkanda na kuutazama mshale. Ulikuwa umesimama kwenye robo kilo. Daftari lilionesha kwamba kati ya jaribio la kwanza na la pili baiskeli ilihamishiwa chumba kingine, na hakuna aliyeandika kwamba sifuri iliangaliwa. Mashine iliwekwa sawa, ikahakikiwa kwa uzito wa kilo 4, na siku mbili baadaye seremala akapimwa tena saa ileile ya asubuhi, kiti kikiwa kimo kilekile, dawa zikiwa hazijabadilika. Aliishia kwenye wati 110.

"Kwa hiyo daktari, sijapata nafuu?" aliuliza.

"Umepata, mzee wangu, ila si kwa kiasi tulichodhani," daktari alimjibu, akamwonesha mstari mwingine katika fomu. Kilele kilikuwa kimeongezeka kwa wati 7, kiasi ambacho kituo hicho hakiwezi kukitofautisha na mabadiliko ya kawaida ya siku hadi siku. Lakini katika ngazi ya wati 59, ambako awali moyo wake ulipiga mara 104 kwa dakika, sasa ulipiga mara 94, kwa dozi ileile ya dawa. Kwa kazi nyepesi ya kila siku moyo ulikuwa unafanya kazi kwa unafuu zaidi. Walikubaliana aanze kwa nusu siku, kazi za mezani kwanza, mbao nzito zibebwe na vijana wake, na apimwe tena baada ya wiki 8.

Kabla hajaondoka, mtaalamu aliandika katika daftari la mashine tarehe, sifuri, joto la chumba na kimo cha kiti, ili atakayempima safari ijayo asilazimike kukisia.